Mlima Juu ya Kikombe

Maelekezo yalisema "nanasi moja la wastani," na hapo ndipo ugomvi wangu na keki ulipoanza. Wastani wa nani? Mimi ni fundi cherehani hapa Kalangalala, mjini Geita. Mteja akiniambia nimshonee gauni la wastani, namtazama kwanza usoni nione kama yuko sawasawa, kisha nachukua futi kamba yangu. Mananasi ya huku nayo wanaoyajua wanayajua: kuna la kushika kwa mkono mmoja, na kuna la kubebwa mgongoni kama mtoto.

Nilikuwa nimeonja keki ya nanasi kwenye kichen pati ya mteja wangu mmoja. Vipande vya nanasi vilikaa ndani ya keki kwa adabu, kila kimoja mahali pake, na keki yenyewe ilikuwa imeiva pande zote. Nilirudi nyumbani sina habari na bibi harusi wala zawadi alizopewa. Niliwaza tu kwamba nanasi ni maji matupu, sasa yale maji yamekwenda wapi? Ndivyo nilivyo. Nikiona kitu kimekaa vizuri sipati raha mpaka nijue kimekalishwaje.

Keki yangu ya kwanza ilikuwa uji. Juu ilikuwa na ngozi ya kahawia ya kuvutia, na chini yake uji. Mume wangu, mtu mpole kupita kiasi, aliila kwa kijiko akasema tamu. Yeye anafanya kazi kwenye karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, kwa hiyo sikuuamini sana ulimi wake.

Sina oveni. Naoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ya keki juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Mchanga wenyewe ni wa mtoni, ule wa kujengea. Mume wangu alijitolea kuniletea mchanga laini wa karasha, kisha akacheka kwa aibu kabla sijamjibu, maana anajua kuliko mimi kwamba mchanga ule umeshapitiwa na zebaki.

Kila niliyemweleza shida yangu aliniambia jambo lilelile: mji mzima huu umejaa mizani, kaazime. Jirani yetu mmoja ananunua dhahabu, nikaenda kwake. Akaniuliza nataka kupima nini. Nikamwambia nanasi. Aliniangalia kwa huruma. Kimizani chake kimefunikwa kwa kioo ili hata pumzi ya mtu isikisumbue, na kitu kikubwa kilichowahi kukaa juu yake hakikuzidi kidole gumba. Nilicheka mwenyewe njiani nikirudi, nikapitia dukani nikanunua mizani ya jikoni, ya plastiki, yenye bakuli juu.

Hapo ndipo nilipoanza kufurahi. Nilipima nanasi zima, nikalipima tena baada ya kumenya, nikalipima tena baada ya kutoa macho na kile kiini kigumu cha katikati. Karibu nusu ya nilichokinunua kilikwenda kwa mbuzi wa jirani. Kisha nikachukua mananasi mawili yaliyofanana kama mapacha, nikayakatakata, kila moja nikaliweka kwenye chujio lake juu ya bakuli. Moja lilidondosha maji kidogo likanyamaza. La pili lilidondosha, likadondosha, mpaka nikaenda kushona mkono mzima wa blauzi nikarudi nikalikuta bado linadondosha. Muuzaji aliponiambia baadaye kwamba lile lilivunwa baada ya mvua, nilijisikia kama mtu aliyefichuliwa siri ya familia ya watu.

Kwa hiyo nilijifunza kutohesabu mananasi. Unalikata vipande vidogo, unaliacha kwenye chujio, unalikandamiza kwa mgongo wa kijiko bila hasira, na likishanyamaza ndipo unalipima. Maji yake huyamwagi. Yanahesabiwa pamoja na maziwa, maana keki haijui haya ni maji ya ng'ombe na haya ni ya nanasi. Inachojua ni kulowa tu.

Unga nao ukanishangaza. Nilichota kikombe kilekile, kutoka mfuko uleule, nikakimimina kwenye mizani, nikarudia tena na tena. Kila mara uzito mwingine! Ukikichovya kikombe kwenye mfuko unga unashindiliwa. Ukiujaza kwa kijiko, polepole, unakaa kwa kupumua. Na ukiuacha na mlima juu, basi umetia kikombe na kitoto chake. Nikaamua: kijiko, kisha mgongo wa kisu juu ya mdomo wa kikombe, sawasawa. Keki iliyofuata ilisimama. Nilizunguka nayo uani nikiionyesha kwa yeyote aliyekuwa na macho.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshakuja kukaa nasi. Kwake ni Kharumwa, na alikuwa akiishi peke yake na kuku wake, mpaka alipokutwa ameanguka shambani. Presha. Daktari wa hapa Geita alitaka amwone kila mwezi, na dawa anywe kila siku. Mama yeye ana sheria yake: siku akiamka mzima, hiyo si siku ya dawa. Mume wangu hakunihutubia. Aliniambia tu, akimtaja mama yake kwa Kisukuma, "Mayu akirudi Kharumwa, tutamzika." Kisha akanawa mikono akaenda kazini.

Nilimpenda mama mkwe kwa sababu na yeye ni mdadisi. Aliuliza kwa nini mashine yangu ina sindano yenye tundu upande wa ncha. Aliuliza taa za mgodi mkubwa zinawaka kwa ajili ya nani mchana. Lakini mji ulikuwa umemchosha. Hakuna shamba, hakuna kuku, na kila akishika ufagio mtu anamnyang'anya kwa heshima. "Mji huu kazi yake ni kukaa," alisema. "Mimi kukaa sikujifunza." Ndiyo maana alipokuja jikoni akaniambia na yeye anataka kuijua hiyo keki, nilimpa kikombe na mfuko wa unga mara moja, moyo mweupe.

Alichota kikombe kikajaa. Akachota kwa kiganja, akaongeza. Akaongeza tena, taratibu, akizungusha vidole, mpaka unga ukasimama juu ya kikombe kama kichuguu na punje za mwisho zikiteleza pembeni. Akaumimina bila kumwaga hata kidogo. Mkono ule ulikuwa unaijua kazi yake. Keki ikatoka imepasuka juu kama jaruba la mpunga lililokauka, na vipande vya nanasi vikining'inia humo na kiu.

Ikawa hivyo tena mara iliyofuata. Nilimweleza kwa upole, akaitikia "eeh, eeh," na mkono wake ukaendelea kujenga mlima. Basi siku moja, kikombe kikiwa mkononi mwake, nikacheka, "Mama, hii sasa ni lumbesa!" Lumbesa ni yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, ambayo watu wa vipimo wanayapiga marufuku barabarani. Nikachukua kisu, nikapitisha mgongo wake juu ya kikombe alichokishika. Unga ukaanguka, ukarudi mfukoni.

Alikiweka kikombe mezani, akanawa mikono, akaenda kukaa uani akiangalia ukuta. Chakula alikula kidogo. Kesho yake asubuhi niliposema, "Mwangaluka, Mama, shikamoo," alijibu "Marahaba" bila kuuliza nimelalaje, na yeye huuliza siku zote. Begi lake lilikuwa kitandani, kanga zimekunjwa juu yake.

"Nimempigia mtoto wa kaka yangu," alimwambia mume wangu. "Jumamosi anakuja kunichukua. Kuku watakuwa wamenisahau."

Mume wangu aliniangalia mimi. Nikamwangalia yeye. Nilikuwa na hasira, nisifiche. Hasira ya mtu anayejua amefanya jambo fulani na halijui ni lipi. Nilipitia kila nilichosema wiki nzima kama ninavyotafuta pini iliyoangukia kwenye kapeti. Lumbesa? Lakini lumbesa kila mtu anaitania! Mimi nimekulia Shinyanga mjini, na unga kwetu ulikuja kwenye pakiti iliyoandikwa kilo zake. Hapakuwa na mlima wa kubishania.

Siku ya tatu nilikwenda sokoni kununua mchele. Mama muuzaji alijaza sado, kile kindoo cha plastiki tunachopimia nafaka, akapandisha mlima, kisha akadondosha konzi moja ya mwisho kileleni. Nimenunua hivyo miaka yote bila kuangalia. Safari hii niliangalia mkono wake, na ulikuwa mkono uleule wa mama mkwe.

"Dada," nikamwambia, kwa sababu kuuliza si ujinga, "hebu nipimie wa mfuto. Usawazishe juu."

Mkono ukasimama hewani. "Nikukatie?" Akamtazama mwenzake wa meza ya pili. "Kwani tumegombana?"

"Hatujagombana. Nataka kuona tu."

"Mimi siwezi kumkatia mtu mbele ya macho yake," alisema. "Anayekukatia kipimo anakwambia usirudi." Akaumimina mchele na mlima wake kwenye mfuko wangu, haraka, kama vile nilikuwa nataka kumfanyisha jambo la aibu.

Nilirudi nyumbani natembea upesi. Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Nikaketi chini karibu naye, nikachukua konzi na mimi nikachambua. Kwa mkwe huwezi kuingia moja kwa moja kama unaingia dukani. Tulichambua mpaka rundo likapungua.

"Mama," nikasema, "nani aliwahi kukukatia?"

Aliendelea kuchambua.

"Kaka yangu," alisema. "Mwaka wa njaa. Mumeo alikuwa mgongoni, hajui hata kutembea. Nilitembea kwa miguu kwenda kwake, maana kihenge chake kilikuwa na mtama mpaka juu, kila mtu alikuwa anajua. Akanichotea kibaba. Akaniangalia hapa usoni, akapitisha kiganja." Alipitisha kiganja chake hewani, taratibu. "Mimi kibaba kile nilikipokea na nikashukuru. Wabeja, kaka. Lakini ule wa juu, mwanangu, niliuona ukirudi kihengeni. Konzi moja tu. Mpaka leo kwake sijala."

Nikamshika mkono uliokuwa na maharage. Uliniuma moyo ule mtama, nami hata sikuuona. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikawa bado nataka keki isimame.

Nikaenda chumbani nikamletea gauni la mteja lililokuwa halijaisha. Nililigeuza ndani nje nikamwonyesha pembeni mwa mshono. "Hapa, Mama, nimeacha kitambaa. Vidole viwili kila upande. Mteja hakioni. Nikikiacha nje, gauni litamkaa vibaya na atachekwa. Nikikikata nikatupa, mwakani akinenepa gauni limekufa. Kwa hiyo kipo, lakini nimekiweka mahali pake."

Alikishika kitambaa, akakivuta kidogo, akapima kwa vidole vyake mwenyewe. Alitazama vizuri upande wa pili vilevile, kuhakikisha sikumdanganya.

"Keki nayo ndivyo," nikasema. "Kikombe kinataka kukaa sawa. Lakini si kwamba namnyima mtu."

"Huo unga wa juu," aliuliza, "ukiukata, unarudi mfukoni?"

Siku ile ulirudi mfukoni, yeye akiangalia.

"Haurudi," nikasema.

"Unakwenda wapi?"

Sikuwa nimewaza. Niliinuka nikaingia jikoni, nikatazama huku na huku, nikachukua bakuli la bati lenye maua ubavuni ambalo hatulitumii, nikalipangusa nikaliweka karibu na mfuko wa unga. "Hapa," nikasema. "Mlima unakaa hapa."

"Wa nani?"

"Wa atakayekuja."

Alilitazama lile bakuli ndani na nje. Kisha akachukua kikombe, akachota, akajenga mlima wake wote bila kuupunguza hata kidogo, akakipeleka kikombe juu ya bakuli, na akapitisha kiganja chake mwenyewe. Kisu hakukitaka. Unga uliangukia kwenye bati kwa sauti ndogo sana. Akachungulia ndani ya bakuli kama mtu anayechungulia kiota kuona kama kuna yai.

"Haba na haba," nikamtania.

"Hujaza kibaba," alijibu, "na kikijaa kimwagike." Nilijua hilo la mwisho ameongeza yeye.

Keki ya siku ile ilisimama. Nanasi lilikaa kwa adabu. Lakini begi lilibaki kitandani, kanga juu yake, na hakumpigia mtu simu kusema asije. Tulioka tena siku iliyofuata, na nyingine, mpaka uani wakaanza kutuuliza kama tuna harusi, na kila mara bakuli la bati lilipanda kidogo. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini anaangalia kwanza begi, kisha mama yake, kisha mimi. Mimi nilikuwa nainua mabega.

Jumamosi asubuhi, mume wangu akiwa kazini, mlango ukabishwa hodi. Nilitegemea kijana. Aliyesimama mlangoni alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti lililoshonwa kwa mwili aliokuwa nao zamani. Mabega ya koti yalishuka mpaka karibu na viwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema kijana ameingia duarani, kwenye shimo la dhahabu, kwa hiyo amekuja yeye mwenyewe kumchukua dada yake.

Nyuma yangu mama mkwe alisimama akiwa na kikombe mkononi. Nilisikia pumzi yake. Nikajua ni nani.

"Karibu, kaka," alisema. Na kwangu, bila kugeuka, "Lete lile bakuli."

Tulioka keki ya mgeni kwa unga wa bakuli la bati. Mama mkwe alipima nanasi, mimi nikachochea mkaa. Wale wawili walizungumza Kisukuma kidogo, habari za ng'ombe, habari za waliokufa, na mvua ambayo huko kwao ilikataa mwaka huu. Keki ilipotoka alimkatia kaka yake kipande kikubwa, akakaa kumwangalia akila. Mzee alikula polepole, akakusanya hata chenga kwa kidole. Akasema tamu, na macho yake hayakumfikia usoni.

"Haya, jiandae," akasema. "Gari za Kharumwa zitajaa."

Mama mkwe aliingia ndani. Nilisikia begi likiburutwa. Alilileta mpaka mlangoni akaliacha hapo. Kisha akaenda jikoni akarudi na sado, na mfuko wetu wa unga, ule mkubwa. Akapiga magoti. Akachota unga mpaka sado ikajaa, ikawa sawa na mdomo wake.

Akasimamisha kiganja juu yake.

Mzee alikuwa anaangalia kile kiganja. Najua alikuwa anakumbuka, kwa sababu aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kupigwa. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha keki na sikujua nikiweke wapi.

Kiganja kikaingia kwenye mfuko, kikatoka na unga, kikauweka juu. Kikaingia tena. Mlima ukapanda, ukazunguka, ukachongoka, mpaka ukaanza kuteleza ubavuni na kuangukia viatu vya mzee.

"Inatosha," alisema.

"Haijatosha."

Akaongeza. Mzee alipiga magoti na yeye, kwa shida, akakinga mikono yake miwili chini ya sado, na unga ukawa unaangukia humo. Nililia hapohapo nikiwa nimesimama, na sikujificha.

Tulipoufunga ule unga kwenye mfuko, mama mkwe alimpangusa kaka yake mikono ya koti. "Kuku wangu wape chenga," alimwambia. "Mimi nipo nipo kwanza. Nina kliniki."

Mume wangu aliporudi jioni na vumbi lake mpaka kwenye kope, kitu cha kwanza alichokiona ni begi la mama yake mlangoni. Alisimama hapo na mguu mmoja ndani, hakuweza kuingia wala kutoka.

"Mbona umesimama?" mama yake akamwita kutoka jikoni. "Ingiza hilo begi chumbani kwangu, linatuzuia njia. Halafu ulete nanasi tuoke, bakuli liko tupu na mgeni anaweza kuja kesho."

Aliliingiza begi. Nanasi alilisahau, ikabidi nikalichukue mwenyewe.